Mafuta ya kunusa na uchovu wa mama aliyeondolewa tezi ya thairoidi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Bukavu

Mama anayehusika na kisa hiki ana umri wa miaka 43, anauza vitenge katika soko la Kadutu mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ni mzaliwa wa kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Miaka kadhaa iliyopita aliondolewa tezi yote ya thairoidi kwa upasuaji, kwa sababu rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, lilikuwa limeanza kumbana koo na kumzuia kumeza vizuri. Tangu hapo anaishi kwa kidonge kimoja cha levothairoksini, dawa inayoshika nafasi ya homoni ya tezi hiyo, cha mikrogramu 100 kila siku. Alikuja katika kituo chetu cha afya, ninapofanya kazi ya uuguzi, akiwa na lalamiko moja, yaani uchovu, na swali moja: je, anaweza kuacha kidonge na kubaki na mafuta ya kunusa aliyoletewa na mdogo wake? Amekubali kisa chake kiandikwe bila jina, na ninakiandika kwa kirefu kwa sababu swali hilo naliona likizidi kuulizwa na wanawake wenye matatizo ya tezi, na kwa sababu jibu la mkato, liwe la ndiyo au la hapana, lingemwacha pale pale alipokuwa.

Uchovu wake haukuwa ule wa kazi, unaoisha mtu akipata usingizi. «Muganga, naamka nimechoka kuliko nilivyolala,» ndivyo alivyosema. Njia ya mlimani kutoka nyumbani hadi sokoni, aliyokuwa akiipanda na balo la vitenge kichwani, sasa aliipanda mikono mitupu na bado akalazimika kusimama katikati. Alisahau bei alizozitaja mwenyewe dakika chache zilizopita, jambo linalomfedhehesha mfanyabiashara mbele ya wateja wake. Alisikia baridi hata mchana wa jua, nywele zilimkatika, choo kilikuwa kigumu, na hedhi ilikuwa nzito kiasi cha kumfanya abaki nyumbani siku mbili za mwanzo. Pamoja na hayo, usiku alilala kwa vipande vipande tangu vita vilipoingia mjini mwezi wa Februari 2025, na hilo si jambo dogo la kuruka katika kuchunguza uchovu wa mtu yeyote wa Bukavu.

Nilimwomba anionyeshe kila kitu anachokimeza au kukitumia. Akafungua pindo la kitenge chake na kutoa chupa ndogo ya kioo cheusi, ya mililita 10, yenye kidondoshi, pamoja na mfuko mmoja wa plastiki. Chupa ilikuwa na mchanganyiko wa mafuta ya karafuu, chungwa na zaatari, na bei yake, kwa maneno yake, ilizidi ile ya vidonge vyake vya mwezi mzima. Ndani ya mfuko wa plastiki vilichanganyika vidonge vidogo vyeupe vya levothairoksini, vilivyotolewa kwenye karatasi zake, na vidonge vya chuma vilivyoacha vumbi jekundu juu ya vile vyeupe. Naomba msomaji aushike mfuko huo akilini, kwa kuwa kiini cha kisa kilikuwa humo, wakati sisi sote wawili, mgonjwa na muuguzi, tulikuwa tunaitazama chupa.

Tuanze hata hivyo na chupa, maana ndiyo iliyomleta. Mwenye kuuza mafuta alikuwa amemweleza mdogo wake kwamba harufu hiyo «inaamsha tezi iliyolala». Kwa mama huyu maelezo hayo hayawezi kuwa kweli kwa namna yoyote, kwa sababu hana tezi ya kuamshwa. Tezi ya thairoidi ndiyo peke yake inayotengeneza homoni ya T4, ile iliyomo katika levothairoksini, na ikishaondolewa yote, homoni hiyo inaingia mwilini kwa njia moja tu, nayo ni kidonge. Hata kwa mwanamke ambaye bado ana tezi yake lakini imedhoofika, kwa mfano kwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe, hakuna ushahidi kwamba kunusa mafuta kunapandisha homoni zake. Aliyeondolewa tezi akiacha kidonge, homoni iliyobaki katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku saba hivi; hatadhurika kesho wala keshokutwa, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wiki za mwanzo humdanganya kwamba ameweza, kisha mwili unapoa, moyo unapunguza mwendo, akili inazama, na asipotibiwa anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Hayo yote hayamaanishi kwamba mafuta ya kunusa ni upuuzi, na sikupenda kumwambia hivyo. Harufu hufika kwenye ubongo kwa njia fupi: mishipa ya pua inapeleka habari karibu moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulika na hisia, kumbukumbu na hali ya kuwa macho. Hakuna ajabu basi kama mtu anayenusa chungwa au karafuu anajisikia amechangamka kwa muda. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio lililofanywa Marekani kwa wanawake wapatao 200 wenye upungufu wa homoni za thairoidi na uchovu, waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walinusa mchanganyiko wa mafuta, wengine walinusa kitu kisicho na dawa, na wengine hawakupewa chochote. Baada ya wiki mbili, walionusa mafuta walieleza kwamba uchovu wao umepungua kuliko wa wenzao. Mwaka 2022 lilifuata jaribio dogo la wanawake 40, waliokuwa wamebaki na uchovu baada ya kuugua Korona, nao walionusa mchanganyiko wa zaatari, chungwa, karafuu na ubani mara mbili kwa siku kwa siku 14 walieleza nafuu.

Nayachukulia majaribio hayo kwa uzito, lakini kwa kipimo chake. Kilichopimwa ni uchovu kama wanawake wenyewe walivyouelezea kwenye maswali waliyojaza, na uchovu kwa kweli haupimwi kwa njia nyingine bora. Hata hivyo ni vigumu sana kumficha mtu kwamba ananusa dawa, kwa kuwa pua yake inamwambia. Wiki mbili ni muda mfupi mno kwa ugonjwa wa maisha yote. Hakuna popote ambapo wanawake hao waliambiwa waache vidonge vyao, na hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wa mafuta hulinyamazia wanaposema «imethibitishwa na wanasayansi». Kilichojaribiwa ni mafuta juu ya matibabu. Mafuta mahali pa matibabu ni jambo jingine kabisa.

Sasa turudi kwenye mfuko. Nilimuuliza mama anavyokunywa dawa zake, naye akajibu bila kusita, kama mtu anayejua kwamba anafuata maagizo: kila siku, alfajiri, bila kukosa. Nikamuuliza anavinywa na nini. Anavinywa na uji wa soya wenye maziwa, vidonge vyote viwili kwa pamoja, cheupe na chekundu, ili asisahau, kisha anatoka kwenda sokoni. Katika jibu hilo moja kulikuwa na vizuizi vitatu. Chuma hushikana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kalsiamu ya maziwa hufanya vivyo hivyo. Soya, ambayo huku Kivu Kusini ni chakula chenye heshima yake kwa jinsi kilivyosaidia watoto wenye utapiamlo, nayo hupunguza kiasi cha dawa kinachofyonzwa. Kahawa pia iko katika orodha hiyo, ingawa mama huyu hainywi. Kwa hiyo alikuwa anameza mikrogramu 100 kila alfajiri, na sehemu kubwa ilikuwa inapita mwilini bila kumfaa.

Hakuwa mkaidi wala msahaulifu, na nasisitiza hilo kwa sababu wahudumu wa afya tuna haraka ya kumwambia mgonjwa kwamba hafuati dawa. Alifuata kile alichoambiwa, ila hakuwa ameambiwa yote. Kidonge cha levothairoksini kinapaswa kumezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, na kiachane na vidonge vya chuma au vya kalsiamu kwa saa nne angalau. Maneno hayo huchukua chini ya dakika moja kuyasema. Katika chumba chenye watu wengi wanaongoja kwenye mabenchi, ndiyo dakika inayokosekana.

Kipimo kilithibitisha tulichokisikia. TSH ni homoni ambayo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huitoa ili kuiagiza thairoidi ifanye kazi. Homoni za thairoidi zikipungua kwenye damu, TSH hupanda, kama sauti ya mtu anayeita na kutosikiwa. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Yake ilikuwa 21. Himoglobini, inayoonyesha wingi wa damu, ilikuwa 9.4, wakati kwa mwanamke asiye na mimba tunatarajia 12 au zaidi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Ukizipanga habari hizo, unaona duara lililomfunga. Upungufu wa homoni ya thairoidi huweza kuifanya hedhi iwe nzito. Hedhi nzito ilimpunguzia damu. Upungufu wa damu ulimletea vidonge vya chuma, ambavyo vilikuwa sahihi kabisa kuandikiwa. Chuma, kikinywewa pamoja na levothairoksini, kikazidi kuizuia homoni, na hedhi ikaendelea kuwa nzito. Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri, na kila hatua iliongeza uchovu. Mtu angeweza kumpa mama huyu mafuta bora kuliko yote duniani, na duara lingeendelea kuzunguka.

Ipo njia moja ya kosa ambayo ilikuwa wazi mbele yetu, na inafaa ielezwe kwa sababu ndiyo inayochaguliwa mara nyingi: kuongeza dozi. TSH iko juu, basi apewe mikrogramu 125 au 150. Lakini kwa mtu aliyeondolewa tezi yote, dozi inayokadiriwa ni mikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito, na mama huyu ana kilo 62. Hesabu inatoa karibu 100. Dozi yake ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kama ingeongezwa, halafu siku moja vidonge vya chuma vikamwishia au akabadilisha kifungua kinywa, dawa yote ingeingia kwa mara moja, na angepata moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, na kwa muda mrefu mifupa kudhoofika. Ninaamini wapo wanawake wanaopandishiwa na kushushiwa dozi mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna aliyeuliza wanakunywa kidonge na nini.

Uamuzi tulioufikia pamoja na daktari ulikuwa kuiacha dozi ilivyo na kubadilisha saa. Kidonge cheupe, kilichorudishwa kukaa katika karatasi yake mbali na unyevu na mwanga, kinamezwa akiamka, kwa maji. Uji unafuata baada ya saa nzima. Kidonge cha chuma kinamezwa jioni. Mama alikubali yote isipokuwa saa ya kungoja, ambayo ilimsumbua, na nilimwelewa: mwanamke anayeamka kabla ya jua, mwenye watoto wa kupeleka shule na soko la kuwahi, hana saa moja ya kuitazama tu sufuria.

Hapo ndipo mafuta yalipopata nafasi yake. Nilikuwa na sababu za kumshauri ayaweke kando kwa miezi miwili ili tujue kwa hakika ni nini kilichomsaidia, na kwa upande wa elimu huo ndio utaratibu safi zaidi. Lakini aliniambia waziwazi: «Mafuta haya yametoka kwa mdogo wangu, siwezi kuyatupa.» Mgonjwa aliyekatazwa kitu alichopewa kwa upendo hukitumia kwa siri, na siri ikishaanza, hata habari za kidonge huacha kuzisema. Tukapatana kwamba akishameza kidonge, adondoshe matone mawili kwenye pamba, aketi, anuse kwa robo saa huku akipumzika, kisha aanze kazi za nyumbani, na uji uje mwisho. Mchana, sokoni, anaweza kunusa tena. Kwa mpango huo, mafuta yaliacha kushindana na kidonge; yakawa kitu cha kufanya katika muda ambao kidonge kinahitaji tumbo tupu.

Kuhusu usalama, mambo machache yalitosha. Mafuta hayo hayanywi, hata tone moja kwenye chai. Ya karafuu yakimezwa yanaweza kuharibu ini, hasa la mtoto, kwa hiyo chupa ikae juu ambapo watoto hawafiki. Hayapakwi kwenye ngozi bila kuchanganywa, kwa sababu karafuu inaunguza. Mwenye pumu humo nyumbani asikae karibu. Wala sikuona haja ya kujifukiza kwa majani ya mikaratusi, kama wengi tunavyofanya kwa mafua, kwa kuwa sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watu, na njia hiyo haijajaribiwa kwa uchovu wa thairoidi.

Jambo jingine lililomsumbua lilikuwa chakula. Majirani walimkataza sombe (majani ya muhogo), muhogo na kabeji, wakisema vitamrudishia rovu. Wazo hilo halikutoka hewani, na linamhusu mzaliwa wa Idjwi kuliko mtu yeyote. Katika miaka ya 1960 watafiti, akiwemo François Delange, wakihusiana na taasisi ya utafiti ya IRSAC ya Lwiro, huku Kivu Kusini, walikuta rovu limeenea kaskazini mwa kisiwa hicho kuliko kusini, ingawa uhaba wa madini ya joto ulikuwa pande zote mbili. Tofauti ilielekeza kwenye muhogo, ambao usipoandaliwa vizuri huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini hayo machache. Ni moja ya tafiti zilizoufundisha ulimwengu juu ya rovu, na ilifanyika hapa kwenye ziwa letu. Lakini muhogo unaidhuru tezi kwa kuinyima madini ya joto, na mama huyu hana tena tezi ya kunyimwa. Anaweza kula bugali wake wa muhogo, sombe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa amani. Kumnyima chakula hicho kungemwongezea udhaifu bila faida yoyote. Watoto wake ndio wanaohitaji chumvi yenye madini ya joto, na muhogo uliolowekwa na kukaushwa ipasavyo.

Matokeo yalikuja kwa awamu mbili, na awamu hizo ndizo zinazonifanya niwe mwangalifu katika kuyasoma. Katika wiki ya pili mama alisema asubuhi zimekuwa nyepesi, kwamba anafika sokoni kwa kusimama mara moja badala ya mara nyingi. Muda huo ni mfupi kwa kidonge kuwa sababu kamili, kwa maana homoni huchukua wiki tano au sita hivi kutulia katika kiwango kipya. Je, ni mafuta? Inawezekana, na inalingana na yale majaribio ya Marekani. Lakini inawezekana vilevile kuwa ni ile robo saa ya kuketi, ambayo hakuwa nayo kabla, au ni nguvu ya kusikilizwa na kuelezwa ugonjwa wake. Robo saa ya utulivu kwa mama wa Bukavu si kitu kidogo, na hakuna kipimo cha maabara cha kuitenganisha na harufu.

Awamu ya pili haina utata kiasi hicho. Chupa ilikwisha katika wiki ya tano, na nguvu zake hazikurudi nyuma, ziliendelea kupanda. Baada ya miezi miwili TSH ilikuwa 3.2, kwa kidonge kile kile cha mikrogramu 100, na himoglobini imefika 10.9. Hedhi ilikuwa imepungua uzito. Baridi ya mchana iliondoka, kumbukumbu ya bei ikarudi, na balo la vitenge likarudi kichwani. Kushuka huko kwa TSH hakuwezi kuhesabiwa kwa mafuta. Usingizi wa usiku bado ni wa vipande, na sehemu hiyo ya uchovu wake haitatoka kwenye chupa wala kwenye kidonge.

Aliporudi kuchukua majibu aliniuliza kama anunue chupa nyingine. Nilimjibu kwa mpangilio wa matumizi ya fedha: kwanza vidonge vya miezi mitatu, kwa kuwa mzigo wa dawa unaweza kuchelewa kufika mjini na mwili wake hautengenezi tena homoni hiyo, pili gharama ya kipimo kijacho, na kama baada ya hayo kuna kinachobaki, mafuta ni yake kununua, kwa kuwa yanampendeza na hayamdhuru. Vidonge vya chuma ataendelea navyo kwa miezi kadhaa hata himoglobini ikishakuwa ya kawaida, ili akiba ya chuma mwilini ijae. Siku atakapoviacha atapimwa TSH tena baada ya wiki sita hadi nane, na vivyo hivyo akibadilisha kifungua kinywa chake au akianza dawa yoyote mpya, kwa sababu dozi inayomfaa leo inamfaa kwa namna anavyokula na kunywa leo.